Kabla Magurudumu Hayajasogea

Asubuhi ya tarehe 18 Juni 2021, ndege aina ya Boeing 787-8 ya British Airways ilikuwa imeegeshwa katika uwanja wa Heathrow, London, ikipakiwa shehena kwa safari ya kwenda Frankfurt. Wakati wapakiaji wakiendelea na kazi yao, mafundi walikuwa wakishughulikia ujumbe wa hitilafu uliojitokeza katika kompyuta za ndege kuhusu mfumo wa magurudumu. Utaratibu uliruhusu ndege iondoke na hitilafu hiyo, mradi kwanza ufanyike ukaguzi ambao unadai mkono wa kukunjia magurudumu usogezwe hadi mahali pa kukunja, huku ndege ikiwa imesimama juu ya magurudumu hayohayo. Kwa asiyeijua kazi hii jambo hilo linatisha, lakini lina kinga yake: kabla mkono huo haujaguswa, mafundi huchomeka pini za chuma zinazoizuia miguu ya ndege isijikunje. Siku hiyo pini zilichomekwa. Ile ya mbele, hata hivyo, ilichomekwa katika tundu lililo jirani na tundu lake. Mkono uliposogezwa, mguu wa mbele ulijikunja, pua ya ndege ikaangukia sakafu ya maegesho, na mlango uliokuwa wazi ukang'olewa na ngazi iliyokuwa imesogezwa hapo.

Hakuna aliyekufa, na nadhani ndiyo sababu tukio hilo lilisahaulika upesi nje ya duru za watu wa kazi hii. Mimi sijalisahau. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba lile tundu la jirani lizibwe katika ndege za aina hiyo ili lisiweze tena kupokea pini kwa makosa. Mashirika yalipewa miezi 36 kutekeleza agizo hilo, na ndege hii ilikuwa bado haijafikiwa. Kwa hiyo hatari ilikwisha kujulikana, dawa yake ilikwisha kuandikwa, na muda wa kuitumia ulikuwa haujaisha. Kilichobaki kati ya ndege na sakafu kilikuwa fundi mmoja aliyeonyeshwa kwa kidole mahali pa kuchomeka pini, akaichomeka, na hakuna jicho la pili lililopanda kutazama imeingia wapi.

Nimesimamia maandalizi ya ndege kwa miaka mingi, na kuonyeshana kwa kidole ndiko ninakokuogopa kuliko kitu kingine chochote kinachotendeka chini ya ndege. Aliyeonyesha huamini kwamba amekwisha kuthibitisha, na aliyeonyeshwa huamini kwamba kama angekosea angekosolewa, kwa kuwa mwenzake alikuwa pale pale. Kila mmoja anatulia kwa kumtegemea mwingine, na pini inabaki ilipo, ikiwa na utepe wake mwekundu unaoning'inia vizuri kabisa, ushahidi tosha kwa yeyote anayepita kwamba kazi imefanyika.

Ni vyema kueleza mazingira yenyewe, kwa sababu abiria aliyeketi dirishani huona sehemu ndogo tu. Kwa ndege ya ukubwa wa kati, muda kati ya kuwasili na kuondoka tena mara nyingi ni kati ya dakika 30 na saa moja. Ndani ya muda huo huja gari la mafuta na mabomba yake, gari la chakula linaloinua sanduku lake hadi usawa wa mlango, gari la maji safi na jingine la maji taka, mkanda wa kupakia mizigo mbele na mwingine nyuma, matrela ya mizigo yanayozunguka kwa kona kali, kifaa cha umeme wa ardhini, ngazi au daraja la abiria, na mwishoni trekta la kuisukuma ndege kinyumenyume. Magari hayo yote hujongea hadi sentimita chache kutoka katika bodi ambayo ngozi yake ni nyembamba, na madereva wake wameajiriwa na kampuni tofauti zenye wasimamizi tofauti na mikataba tofauti. Saa inayohesabu dakika ni moja kwa wote.

Katika mazingira hayo, kitu kilichowekwa kuilinda ndege ndicho kinachoweza kuiangusha, na hakuna mahali ambapo hilo lilionekana wazi zaidi kuliko Brisbane, Australia, usiku wa tarehe 18 Julai 2018. Uwanja huo una nyigu wanaopenda kujenga ndani ya mirija midogo iliyochomoza karibu na pua ya ndege, ile inayopokea upepo na kuzipa kompyuta kipimo cha mwendo. Nyigu hao wanaweza kuanza kuziba mrija katika muda mfupi ambao ndege imeegeshwa, na kwa sababu hiyo ndege nyingi huvalishwa vifuniko vya mirija pindi zinapofika. Airbus A330 ya Malaysia Airlines ilivalishwa vifuniko vitatu, ikaandaliwa, ikakaguliwa kwa kuzungukwa, ikasukumwa, ikaruka navyo. Marubani waliona tayari wakiwa mbioni katika njia ya kurukia kwamba vipimo vya mwendo havifanyi kazi, wakaendelea kupaa, na wakakaa hewani karibu saa moja bila kujua mwendo wao halisi kwa kipimo cha kawaida, kabla ya kurudi na kutua salama.

Watu husoma habari hiyo na kuuliza inawezekanaje vifuniko vyenye tepe nyekundu ndefu visionekane. Swali la haki, lakini anayeliuliza huwa hajawahi kusimama chini ya A330 usiku. Mirija hiyo iko juu ya kichwa cha mtu, taa za maegesho humulika kutoka upande mmoja na kuacha kivuli upande mwingine, na jicho la mtu aliyechoka huona kile linachotarajia kukiona. Zaidi ya hapo, shirika lilikuwa na fundi wake na kampuni za huduma zilikuwa na watu wao, na jukumu la kuvivua vifuniko lilielea katikati yao. Rubani alidhani ni la fundi, na mpokea ndege alidhani limekwisha kutimizwa. Watu kadhaa waliokuwa na uwezo wa kuinua tochi na kutazama walikuwa hapo, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mwingine ametazama.

Lima, mji mkuu wa Peru, ulilipa gharama ambayo Brisbane iliepuka. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka hapo kuelekea Santiago, Chile. Ilikuwa imeoshwa na kung'arishwa, na wakati wa kuiosha vitundu vidogo vilivyo ubavuni mwake, vinavyopima mgandamizo wa hewa ya nje, vilizibwa kwa utepe wa kunata ili maji yasiingie. Utepe huo haukubanduliwa. Ulikuwa na rangi ya fedha, na ndege ilikuwa na rangi ya chuma kilichong'arishwa, na ukaguzi ulifanyika usiku.

Mara tu baada ya kupaa, vipimo vya kimo na mwendo vilianza kutoa habari zisizopatana. Kengele moja ilionya kwamba ndege inakwenda kasi mno na nyingine ikaonya kwamba inakwenda polepole mno kiasi cha kuporomoka. Chini yao ilikuwa bahari yenye giza, isiyo na hata taa moja ya kuwapa marubani mstari wa upeo. Wakauomba mnara uwaambie wako kimo gani, na mnara ukawasomea tarakimu iliyoonekana katika rada, bila yeyote kutambua kwamba tarakimu hiyo ilitumwa na ndege yenyewe kutoka katika vitundu vilevile vilivyozibwa. Marubani waliomba msaada wa nje wakarudishiwa kosa lao wenyewe, likiwa sasa limethibitishwa na sauti ya mtu mwingine. Bawa lilipogusa maji, chombo chao kilionyesha futi 9,700. Watu wote 70 waliokuwa ndani walifariki.

Mfanyakazi aliyebandika utepe alipatikana na hatia mahakamani. Sina haja ya kumtetea kwa kusema hakukosea. Ninachosema ni kwamba kati ya mkono wake na ile safari kulikuwa na msimamizi, na aliyepaswa kuidhinisha kazi, na ukaguzi wa rubani, na ghala lililotoa utepe wa rangi isiyoonekana badala ya nyenzo yenye rangi kali iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Tukiishia kwa yule mtu wa chini kabisa, hao wengine wote wanarudi kazini kesho yake bila kubadilisha chochote.

Hapo ndipo ninapofika katika jambo linaloniuma zaidi, nalo ni ukimya. Tarehe 26 Desemba 2005, ndege ya MD-83 ya Alaska Airlines iliondoka Seattle, Marekani, na ilipofika kimo cha takriban futi 26,000 ubavu wake ukapasuka na hewa ya ndani ikatoka kwa kishindo. Barakoa za oksijeni zikaanguka, marubani wakashusha ndege upesi na kurudi salama. Katika ubavu wa kulia palikutwa tundu la kama sentimita 30 kwa 15. Mfanyakazi wa maegesho alikiri baadaye kwamba gari la huduma aliloliendesha liliigusa ndege na hakutoa taarifa. Ngozi ile ilipata mkwaruzo na mkunjo tu ilipokuwa ardhini, ambapo mgandamizo wa ndani na wa nje ulikuwa sawa. Kadiri ndege ilivyopanda ndivyo hewa ya ndani ilivyozidi kuusukuma ule mkunjo, mpaka ukaachia.

Ndege za leo zinaufanya ukimya huo kuwa wa hatari zaidi. Bodi ya MD-83 ilikuwa ya aluminiamu, na aluminiamu ikipigwa hubonyea na kubaki imebonyea, mwenye macho akaona. Boeing 787 na Airbus A350 zimeundwa kwa takriban nusu ya uzito wake kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Nyenzo hiyo ina nguvu na wepesi wa ajabu, lakini ikigongwa na kitu kizito na butu, kama vile ukingo wa mpira wa mkanda wa kupakia, tabaka za ndani zinaweza kuachana huku rangi ya juu ikibaki bila alama. Fundi ana vyombo vya kupima mahali kama hapo, lakini hawezi kuipima ndege nzima kila inapotua. Anahitaji mtu wa kumwambia apime wapi, na mtu huyo ni mmoja tu duniani: yule aliyekuwa akiendesha.

Siku moja kijana wa kupakia mizigo alinifuata wakati milango ya abiria ikikaribia kufungwa. Alikuwa ameshika glavu zake mkononi akizikunja na kuzikunjua. "Mkuu," akaniambia, "ule mkanda wa nyuma umegusa. Umegusa kidogo tu." Hakuwa yeye aliyeuendesha. Tulikwenda pamoja, tukatazama ukingo wa mlango wa shehena, na kwa kutazama moja kwa moja hapakuwa na kitu. Fundi alipofika hakuuangalia mlango kwa mbele. Aliilaza tochi yake ubavuni mwa ndege ili mwanga upite ukiambaa na ngozi, na papo hapo kivuli chembamba chenye umbo la mwezi mchanga kikajitokeza chini ya ukingo. Akapitisha ncha za vidole juu yake, akatoa rula, akapima, akaingia ndani kufungua kitabu cha mipaka ya uharibifu. Ndege ilichelewa. Abiria walilalamika, kama ilivyo haki yao, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kinachoendelea nje.

Wiki iliyofuata kijana yule aliitwa na mwajiri wake kutoa maelezo kwa maandishi, na akapewa barua ya onyo pamoja na dereva wa mkanda, kwa hoja kwamba walikuwa kundi moja na kundi lilisababisha ucheleweshaji. Nilipinga kadiri nilivyoweza, lakini sikuwa na mamlaka juu ya kampuni hiyo. Baada ya hapo sikusikia tena taarifa ya mguso kutoka kwa zamu ile. Siamini hata kidogo kwamba miguso ilikoma.

Wanaopenda hesabu wanayo ya kutosha. Shirikisho la kimataifa la mashirika ya ndege, IATA, lilikadiria mwaka 2022 kwamba gharama ya ndege kuharibiwa ardhini inaweza kufikia karibu dola bilioni 10 kwa mwaka ifikapo 2035 hatua zisipochukuliwa. Sehemu kubwa ya uharibifu huo hutokana na magari ya huduma kuigonga ndege iliyosimama. Barua ya onyo kwa mtu aliyesema kweli haitapunguza hata senti moja ya fedha hizo.

Injini zinahitaji aya yake, ingawa ni fupi, kwa kuwa huko kosa halisubiri ndege ipae. Tarehe 31 Desemba 2022 huko Montgomery, Alabama, mfanyakazi wa maegesho alivutwa na injini ya Embraer 175 iliyokuwa imewasili na kusimama. Kifaa kidogo cha mkiani kinachozalisha umeme wakati injini zimezimwa kilikuwa kibovu, hivyo injini ziliachwa zikinguruma kusubiri umeme wa ardhini. Uchunguzi ulionyesha kwamba kabla ndege haijafika kundi hilo lilikutana na kukumbushana kwamba ndege yenye injini zinazowaka isisogelewe, na kwamba baadaye mwenzake mmoja alimpungia mkono mfanyakazi huyo arudi nyuma. Kukumbushana kulifanyika, tena zaidi ya mara moja, na taa nyekundu ya tahadhari ilikuwapo. Nadhani mafunzo yanayoishia kwenye kukumbushana yanamtupia mtu mmoja mzigo wa kuhesabu hali isiyo ya kawaida katikati ya kelele. Ndege inayofika na injini ambayo haitazimwa mara moja ingepaswa kupokewa na watu wachache waliotajwa kwa majina, na wengine wote wabaki nyuma ya mstari mpaka waitwe.

Kuhusu milango, nitataja mmoja tu. Tarehe 3 Machi 1974, DC-10 ya Turkish Airlines iliyotoka Orly, Paris, kwenda London ilipoteza mlango wa shehena muda mfupi baada ya kupaa, sakafu ya abiria ikaporomoka, nyaya za kuongozea ndege zikakatika, na watu wote 346 wakafa katika msitu wa Ermenonville. Ubovu wa msingi ulikuwa katika usanifu wa mlango, ambao uliweza kuonekana umefungwa ilhali makomeo yake hayakuingia, na tukio la 1972 juu ya Windsor, Kanada, lilikwisha kuuweka ubovu huo hadharani. Lakini palikuwa pia na kidirisha kidogo cha kuchungulia makomeo, na maandishi ya maelekezo mlangoni yalikuwa katika lugha ambazo mpakiaji aliyefunga mlango hakuzisoma, ingawa alijua lugha nyingine. Maegesho ya leo yana wafanyakazi wa lugha nyingi kuliko wakati ule, na bado ninaona vibao vya maelekezo ambavyo nina hakika nusu ya zamu haivisomi.

Sitaongea kwa kirefu juu ya ngazi zinazoondolewa mlangoni huku mlango ukiwa wazi, ingawa zimewaangusha wahudumu na wafanyakazi katika nchi mbalimbali, kwa sababu dawa yake inajulikana na ni rahisi: ngazi haisogei mpaka aliye juu amefunga mlango na aliye chini ameuona umefungwa. Wala sitakaa sana katika hesabu za uzito, ingawa tarehe 20 Machi 2009 huko Melbourne ndege ya Emirates ilikwaruza mkia wake na nusura ishindwe kupaa baada ya uzito wa tani 362.9 kuingizwa katika hesabu kama tani 262.9. Tarakimu moja iliyobonyezwa ndege ikiwa bado imeegeshwa ilitosha.

Kinachostahili kukaliwa ni saa. Kila dakika ya kuchelewa kwa ndege huandikiwa msimbo wa tarakimu mbili kwa utaratibu wa IATA, na kila msimbo una mwenyewe: 32 ni wa upakiaji na upakuaji, 36 ni wa mafuta, 52 ni wa uharibifu uliotokea katika kazi za ardhini. Mwisho wa mwezi misimbo hiyo hujumlishwa, na katika mikataba mingi kampuni ya huduma hupoteza fedha kwa dakika zilizoangukia upande wake. Sina ugomvi na kuhesabu dakika, kwa maana ndege zisizohesabiwa haziendi popote. Ugomvi wangu ni kwamba dakika ishirini zilizopotea kwa uzembe na dakika ishirini zilizopotea kwa sababu mtu amesimamisha kazi ili fundi aangalie bodi huingia katika safu moja ya jedwali, na meneja anayelisoma jedwali hilo ofisini hawezi kuzitofautisha hata akitaka.

Ningependa dakika za taarifa ya hiari ziwe na safu yake, isiyokatwa fedha kwa mtu yeyote, na mkataba uliseme hilo kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Gharama yake ingebebwa na shirika lenyewe la ndege, kwa sababu ndilo linalomiliki bodi na ndilo linalowapandisha watu ndani yake. Ningependa pia fomu ya taarifa ibadilishwe. Nilizowahi kuzijaza huanza na jina la aliyehusika, namba yake ya kitambulisho na mwajiri wake, na mpakiaji akishaona maswali hayo matatu kalamu humwia nzito, ilhali swali la mahali palipoguswa liko ukurasa wa pili. Fundi anayesubiri na tochi anahitaji kujua ni wapi, ni kwa kitu gani, na ni saa ngapi. Maswali hayo yawe ya kwanza, yajibiwe kwa mdomo pale pale chini ya ndege, na kazi isimame wakati yanapojibiwa. Jina linaweza kusubiri mpaka ndege iwe imekaguliwa.